Aliyepokea Simu ya Bohari ya Juu

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika kampuni yetu ya kusafirisha mizigo kwa reli, anastaafu msimamizi wa Bohari ya Juu, ambaye kila mtu hapa, kuanzia wafagizi hadi wajumbe wa bodi, anamwita Shangazi. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu nilikaa meza inayotazamana na yake kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, na kwa sababu siku ile nilikuwepo. Nimeahidi kuandika kwa ufupi. Nimeahidi pia kusema ukweli, na sina hakika ahadi hizo mbili zitaelewana.

Alianza akiwa msichana mwembamba, mpokea simu wa Bohari ya Juu. Kwa wageni wasioijua kazi yetu: kampuni ina bohari tatu kwenye mteremko mmoja. Ya Juu hukusanya mizigo, ya Kati hupanga mabehewa, ya Chini hupakia malori. Behewa likitaka kushuka, Juu hupigia simu Kati. Kati hujibu "nimepokea" na kuandaa reli ya kulilaza. Bila jibu hilo, behewa halisogei. Ndiyo sheria ya kwanza aliyofundishwa.

Tatizo lilikuwa kitembe. Ulimi wake haukuziweza s na z, na simu za wakati ule zilikuwa zinakoroma, hivyo "saba" yake ilifika huku chini ikiwa kitu chochote. Madereva wa treni walimwiga mpaka akalia. Ndipo mama mmoja mkongwe wa ubao wa simu alipomchukua kila mapumziko, akamkalisha kwenye ngazi na kumtamkisha: "Sasa saa sita, zamu imekwisha." Msichana akarudia mpaka wapagazi wakaijua kwa moyo. Alipohamishiwa Bohari ya Kati kitembe kilikuwa kimekwisha kabisa. Mimi nilisimuliwa tu, sikuwahi kukisikia.

Kati ndiko tulikokutana. Mimi nilishika mikono ya chuma ya kubadilishia reli, yeye alishika simu na kila kitu kingine. Aliwaita wakubwa wote "mwanangu", pamoja na mkurugenzi mmoja aliyemzidi umri kwa mbali, na mkurugenzi akaitika. Aliwafunza waongozaji treni wengi walioko kazini leo. Na ndiye aliyepigania wanawake wajengewe choo chao, akaandika, akagoma, akashinda. Fundi, kwa kisasi au kwa uvivu, akakijenga mbele kabisa ya dirisha la ofisi yetu. Mandhari yetu tangu siku hiyo ni ukuta wa choo. Shangazi alisema ushindi ni ushindi.

Kisha ikaja kesi. Mamlaka ya barabara ilitoa tangazo la kutwaa bohari zetu zote tatu kwa lazima, kwa ajili ya barabara mpya. Kampuni ikapinga mbele ya baraza la ardhi. Hoja yetu ilikuwa kwamba bohari hizi ni mnyororo mmoja: ukikata kiungo kimoja, hivyo vingine viwili ni vyuma tu. Hoja yao ilikuwa kwamba Bohari ya Juu imechakaa na haina faida kwa mtu. Shauri likiwa bado linasikilizwa, wakaingia Juu na matingatinga. Walisema wanasafisha eneo. Walipomaliza kusafisha hapakuwa na ukuta uliosimama. Nguzo za simu ziling'olewa, nyaya zikakunjwa kama kamba za kuanikia nguo na kupakiwa kwenye gari.

Tulibaki Kati, tukifanya kazi kidogo iliyobaki. Yadi ilikuwa na kimya cha ajabu. Mtu akikohoa karakana, unamsikia ofisini. Huku kwetu wapima ardhi wa mamlaka walikuwa wameshaingia, wakipigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu kwenye laini ya nne, na sisi tuliamriwa tusiwaguse.

Siku moja, jua la adhuhuri likiwa utosini, simu ya Bohari ya Juu ikaita.

Si simu ya mezani ile ya kawaida. Ni ile nyeusi ya ukutani, iliyounganishwa na Juu peke yake. Nilidhani fundi anachezea kitu. Shangazi aliitazama ikaita, ikaita tena, kisha akanyanyuka na kuipokea kama alivyoipokea maisha yake yote. Akasikiliza. Uso wake ukabadilika, lakini si kwa hofu. Nilimwona akilainika, kama mtu aliyeshikwa mkono na mtoto mdogo. Akasema, "Nimepokea," akairudisha.

Nikamuuliza ni nani. Akasema, "Ni mtoto mmoja hivi. Anafanya kazi vizuri." Akaniagiza niandae laini ya pili. Nikamwambia hakuna behewa, Shangazi, hakuna hata bohari. Akanijibu taratibu, "Lisipopokelewa litakaa wapi?"

Nikaiandaa. Hakikushuka kitu.

Ikawa kila adhuhuri. Nilikwenda mwenyewe nyuma ya jengo, nikaufuata waya wetu mpaka unapoishia: umekatwa, ncha yake imeinama kwenye majani, na mchwa wameshaanza kuujengea. Nilirudi ofisini na simu ilikuwa inaita. Wenzetu wa karakana wakaanza kula mbali na jengo letu. Mfagizi akakataa kuipangusa ile simu. Shangazi yeye alianza kuchana nywele kabla ya adhuhuri, akakaa tayari.

Siku moja akanipa mkono wa simu. Nilisikia upepo, na ndani ya upepo sauti ya msichana, makini, ikijitahidi kila herufi. "Mabehewa thaba yanashuka, Kati. Yana thementi. Mmepokea?"

Nilimtazama mwanamke wa makamo aliyesimama mbele yangu, akinitazama na macho yamejaa maji, na sikuhitaji kuuliza tena ni mtoto gani. "Mjibu," akaninong'oneza. "Ana wasiwasi huyo. Wanamcheka." Nikajibu nimepokea.

Sasa nifike siku ile. Ilikuwa adhuhuri vilevile. Wapima ardhi walikuwa laini ya nne na mkuu wao, wamekaa kwenye reli kupumzika, migongo yao imeelekea mteremko. Simu ikaita kabla ya kawaida yake, na iliita bila kupumua. Shangazi akaipokea. Hata mimi nilisikia kutoka mezani kwangu, maana safari hii msichana alikuwa anapiga kelele.

"Dhuia laini ya nne! Kati, dhuia laini ya nne!"

Shangazi hakusema nimepokea. Alinigeukia: "Zuia ya nne!" Nami, Mungu anisamehe, nikasita. Juu hapakuwa na treni. Akaniruka, akaushika ule mkono wa chuma kwa mikono miwili na kuuvuta kwa uzito wake wote, mpaka nikasikia huko nje reli ikihama, ikiielekeza njia kwenye reli fupi inayoishia kwenye rundo la mchanga. Kisha akapiga king'ora.

Tukangoja. Kulikuwa kimya. Nikaanza kufikiri jinsi tutakavyojieleza. Halafu vikombe vyetu vikaanza kutetemeka mezani, tukakimbilia mlangoni.

Mabehewa mawili ya wazi yalishuka mteremko peke yake, bila kichwa, bila mtu. Mkandarasi wa mamlaka alikuwa ameyapakia kifusi cha Bohari ya Juu na kuyaacha kileleni bila kuyafunga breki sawasawa. Yalipita mbele ya wapima ardhi, wakiwa wamesimama wameduwaa, yakakata kona ile ambayo dakika chache nyuma haikuwepo, yakajitupa kwenye mchanga kwa kishindo kilichovunja vioo vya karakana. Mkuu wa wapima ardhi alikaa chini kwenye reli, akashika kichwa, akawa anawahesabu vijana wake kwa kidole, anawahesabu tena. Wote walikuwepo.

Vumbi lilipotulia tulikwenda kuangalia. Juu ya kifusi kilichomwagika kulikuwa na kipande cha ukuta uliopakwa rangi yetu ya kijani. Simu nyeusi, pacha ya yetu, ilikuwa bado imekazwa juu yake. Haikuwa na waya. Mkono wake ulikuwa umetolewa mahali pake, unaning'inia, unabembea.

Shangazi aliushika ukatulia, akaurudisha polepole mahali pake.

Ajali hiyo ikafika barazani, kwa sababu ilihusu yadi inayogombewa. Wakili wetu alimtembelea kabla ya ushahidi, kijana msafi, ametoka jasho. Nilikuwepo. "Shangazi, nakuomba," akasema, "sema uliyaona mabehewa kupitia dirishani. Ukisema habari ya simu watatucheka, na kesi itakwenda na kicheko."

"Dirisha letu linatazama choo, mwanangu."

"Nani atakwenda kuangalia?"

"Nitaapa," Shangazi akasema. "Na yule mtoto alifanya kazi yake. Nikisema niliona mwenyewe, nitakuwa nimemnyang'anya."

Barazani wakili wa mamlaka alimuuliza alijuaje. Akajibu kwamba alipigiwa simu. Na nani? Na Bohari ya Juu. Wakili akageukia watu, akatabasamu. "Bohari ambayo ilikuwa imeshabomolewa?"

"Ndiyo. Hata mimi ilinishangaza."

Watu waliangua kicheko. Wakili wetu akafunika uso. Shangazi alisimama palepale, mkoba wake umekumbatiwa kifuani, na nilimwona, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, akiwa msichana wa kwenye ngazi. Kufumba na kufumbua, kiti kikasogezwa upande wa pili wa chumba. Mkuu wa wapima ardhi, mtumishi wa mamlaka, alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema, "nami nilikuwa yadini siku ile. Niliisikia ikiita. Kila siku ilikuwa inaita, ikawa inatukera." "Waya wa simu ile niliukata mimi. Nimelala nikiiwaza, nimeamka nikiiwaza. Lakini iliita."

Hakuna aliyecheka tena. Mwenyekiti, mama mzito wa maneno, akaagiza maneno ya wote wawili yaandikwe kama yalivyosemwa.

Uamuzi ulipotoka haukuitaja simu hata kwa neno moja. Ulisema mamlaka iliingia Bohari ya Juu kabla ya shauri kwisha, na kwamba mabehewa yaliyoachwa juu na kufika chini yameonyesha kuliko hoja ya wakili yeyote kuwa bohari hizi ni mnyororo mmoja. Utwaaji ukafutwa. Bohari ya Juu ijengwe upya kwa gharama ya walioibomoa. Tulishangilia mpaka tukakauka koo.

Katikati ya shangwe hizo simu nyeusi ikaita. Shangazi akaipokea, akasikiliza, na safari hii hakujizuia, machozi yakamshuka waziwazi. "Ndiyo, mwanangu," akasema. "Nimepokea. Sasa nenda kale." Akairudisha. Baadaye aliniambia alichoulizwa. Sauti ilimuuliza kama zamu yake imekwisha, naye akaijibu kwamba imekwisha, tena vizuri.

Haikuita tena mpaka Juu ilipojengwa na nyaya mpya kuvutwa. Siku hizi wanaopiga ni vijana wenye mafua na haraka, na kinachoshuka ni mabehewa ya kweli. Shangazi alipanda kuisimamia bohari hiyo mpya, na aliyeupima msingi wake ni yule yule mkuu wa wapima ardhi, ambaye mamlaka ilimwachisha kazi wiki ya ushahidi na kampuni ikamwajiri wiki iliyofuata. Wamekuwa kama ndugu wa tumbo moja. Hawazungumzi habari ile. Wanagombana kuhusu mifereji ya maji ya mvua.

Shangazi, kampuni inakushukuru kwa utumishi wako, waongozaji treni wanakushukuru kwa ukali wako, na zipo nyumba kadhaa za wapima ardhi ambamo baba alirudi jioni kwa sababu yako. Mimi nakushukuru kwa kunivumilia. Nenda kwa mdogo wako ukapumzike, ulale mchana bila kuamshwa, ule vizuri, uwe na afya, na wajukuu wakuchoshe kwa raha.

Wageni wote wajue jambo moja kuhusu sherehe. Mstaafu ameomba ifanyike uwanjani Bohari ya Kati, mchana, na treni zisisimamishwe kwa ajili yake. Kwa hiyo hotuba zitakatizwa. Behewa likipita, mzungumzaji anyamaze, asubiri lipite lote, kisha aendelee.