Priscilla Habuya na Mchunga Uliong'olewa Kulesa

Wapendwa waombolezaji, wachungaji, wazee na jirani, aliyelala mbele yenu ni Priscilla Habuya Jilo, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1958 kijijini Hewani, na mimi Nehemiah, kifungua mimba wake, nimetumwa na familia kuwasomea maisha yake.

Alisoma huko huko Hewani hadi darasa la saba, mwaka 1973, karo ikakosekana, akabaki shambani na bibi yake aliyemfundisha mchunga, mboga hii chungu mnayoipika kwa tui zito na kuichanganya na mnavu, ambayo maji yake yaliyochemshwa wazee wetu waliyanywa kwa minyoo na homa. Bibi alimpa na mwiko wake, kwamba mchunga wa dawa huchumwa alfajiri, kabla ya kusema na mtu, na mchumaji hulitaja jina la mgonjwa kwa kila jani, ili dawa ijue inakokwenda.

Tarehe 2 Desemba 1978 alifunga ndoa na marehemu baba yetu, Job Komora, wa hapa Kulesa, wakatupata mimi na Maurine, na kuanzia 1981 hadi 2006 alikuwa mpishi wa shule huko Garsen. Bustani yake ya mchunga ilikuwa nyuma ya jiko, mafuriko yakiisomba anapanda upya, na hakuna aliyebisha hodi akarudi mikono mitupu.

Mwaka 1986 mdogo wake wa tumbo moja, mama mdogo Tuneya, alimletea mtoto wake mwenye surua, mama akamwogesha kwa mchunga siku tisa, na asubuhi zote tisa Tuneya ndiye aliyeshika kikapu, dada yake akilitaja jina la mtoto. Mtoto huyo leo ni mtu mzima, ameketi hapo mbele, tunamshukuru Mungu.

Tarehe 9 Agosti 2019 jirani yetu mzee Katana alifariki kwa maradhi ya figo, na mpita njia akasema alimsikia mama bustanini alfajiri akilitaja jina la Katana, basi ikawa mama ni mchawi. Aliitwa mbele ya wazee wa kanisa, akaeleza mwiko wa bibi, akaulizwa shahidi, akamwonyesha Tuneya, na Tuneya, mwenyekiti wa akina mama, akiogopa kuvuliwa cheo, aliinama akasema hajapata kuona mambo hayo. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama alitengwa na meza ya Bwana, na bustani ikang'olewa yote.

Mwaka 2023 alipatikana na saratani ya koo, akatibiwa Garsen na Malindi, akafariki tarehe 21 Januari 2025 alfajiri, mkono wake mkononi mwa Maurine. Wiki mbili kabla, Tuneya alileta bakuli la mchunga wa tui, akaliacha mlangoni bila kuingia, na mama, aliyekuwa hajameza kitu siku mbili, aliagiza lirudishwe, kwani hakutaka mboga, alitaka mtu aseme kweli.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wapishi wenzake wa Garsen, na jirani mlioleta kuni na maji, pamoja na mlioing'oa bustani, maana msibani hatugombani, ingawa mioyo inauma.

Mchungaji aliniomba niruke habari za mwaka 2019, sikuweza, mama mwenyewe ndiye aliyeniandikisha habari hizo. Mama mdogo Tuneya, kaburi bado halijafukiwa, na kipaza sauti nakiacha hapa mezani, hakijazimwa.

Habuya, mama yetu, pumzika kwa amani.