Historia ya Lwitiko Enoka Kibona, Aliyemfuata Baba Yake kwa Pikipiki

Mchungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa kata, ndugu, majirani, na ninyi nyote mliopanda mlima huu wa Ikinga kuja kulia pamoja nasi, familia imenituma mimi, Alinanuswe Kibona, mtoto wa baba mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya mpendwa wetu kabla hatujamshusha kaburini. Tunaomba mtuvumilie, maana aliyelala hapa mbele yetu alitembea sana, na maisha yake hayakuenea katika karatasi moja kama tulivyozoea.

Marehemu Lwitiko Enoka Kibona alizaliwa tarehe 9 Juni 1958 hapa hapa Ikinga, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili wa Mzee Enoka Kibona na Mama Dina, ambaye Mungu amemweka hai na leo amekaa kwenye mkeka kando ya jeneza la mwanawe, pamoja na binti yake Jenista aliyeolewa Mbozi. Mwaka 1965, Lwitiko akiwa mtoto wa miaka saba, Mzee Enoka alivuka mto Songwe akaingia Malawi, akajiandikisha huko na vijana wenzake kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, akiwa ameahidi kurudi na bati za nyumba na cherehani ya mama. Kwa miaka kadhaa zilifika blanketi na salamu kupitia wenzake waliokuwa wakirudi, na mwaka 1973 mtu mmoja wa Ibaba alileta ujumbe kwamba Enoka akimaliza mkataba ule anarudi nyumbani, na baada ya hapo hakuna aliyesikia tena habari zake.

Kwa faida ya wageni, yatupasa kueleza kwamba mtu aliyekwenda Joni, yaani migodi ya Afrika Kusini, akapotelea huko, sisi wa pande zote mbili za mto humwita machona, na machona kwetu si maiti na wala si mzima, haliliwi, harithiwi, na jina lake halipewi mtoto. Mwaka 1989 wazee wa ukoo walichoka kungoja, wakaitisha kikao ili waweke matanga na yaishe, lakini Mama Dina alisimama katikati yao akawauliza, "Mnamzika nani? Nani kati yenu amemwona amekufa?" nao wakakivunja kikao. Kanisa nalo lilipomwingiza katika kikundi cha wajane, ili apate sabuni na sukari ya Krismasi kama wenzake, alivirudisha vyote kwa mkono wake, akasema yeye ana mume na mume wake yuko safarini. Wapo waliomcheka mama huyu, na baadhi yao wamekaa hapa leo, wanajijua. Lwitiko hakucheka. Alikua akimwona mama yake hawezi kuvaa nguo ya msiba wala hawezi kufurahi, na jambo hilo lilimuuma maisha yake yote.

Marehemu alianza darasa la kwanza hapa Ikinga mwaka 1966 akamaliza la saba mwaka 1972, akaendelea na sekondari Mbeya, na mwaka 1977 akajiunga na Chuo cha Kilimo Uyole, alikohitimu cheti mwaka 1979. Tarehe 1 Julai ya mwaka huo aliajiriwa kuwa bwana shamba katika kata ya Ibaba, akawafundisha watu kahawa, pareto na viazi, kwanza kwa miguu, baadaye kwa baiskeli ambayo mara nyingi ni yeye aliyeibeba, kwa jinsi milima ya Ileje ilivyo. Tarehe 11 Desemba 1982 alifunga ndoa takatifu na Tabita, wakajaliwa watoto watatu, ambao ni Agnes, Yesaya na Rozi, na wajukuu saba ambao wote walipewa majina ya ukoo, ingawa kwa miaka mingi jina moja, la Enoka, halikutolewa kwa sababu mliyokwisha kuisikia.

Mwaka 2004 mradi mmoja wa maji wa wageni ulifungwa hapa wilayani, vitu vyake vikapigwa mnada, na kati ya vitu hivyo ilikuwepo pikipiki ya milimani aina ya Kawasaki Sherpa, ambayo sisi tuliiita Shepa. Pikipiki hii hakuna aliyeijua, kila mtu alitaka Honda au Yamaha, mafundi wa Tunduma waliitazama wakasema spea zake hazipo Tanzania nzima, na mnadi alipoitaja bei watu walianza kuangalia saa zao. Marehemu aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaona ni nyepesi, akaona inakaa juu ya mawe bila kugusa tumbo, akainunua. Mama Tabita alimwuliza mumewe kama amenunua pikipiki au amenunua lawama. Lakini tangu siku hiyo hapakuwa na masika yaliyomzuia kufika Ibaba, na wagonjwa wangapi, wajawazito wangapi na mifuko mingapi ya mbegu ilipanda mlima juu ya Shepa ni jambo ambalo ninyi wenyewe ni mashahidi.

Alistaafu utumishi wa umma mwezi Juni 2018, na wakati sote tulidhani atapumzika na kulima parachichi, alituita tukae, akatangaza kwamba anakwenda kumtafuta baba yake, na kwamba anakwenda kwa Shepa. Tulisema yote ambayo ndugu husema. Tulimwambia basi zinaondoka Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, kila siku mpaka Johannesburg, tukamwambia umri umekwenda, na Mama Tabita alikaa siku nzima bila kumsemesha. Marehemu alijibu kwa upole kwamba basi husimama stendi, na baba yake si mtu wa kutafutwa stendi, kwa hiyo yeye anataka kupita migodini, mashambani na vijijini, kila palipobaki mzee wa zamani wa kumwuliza. Mama Dina, ambaye ndiye tuliyemtegemea amkataze, alimwambia tu, "Ukimkuta, usimwambie nimezeeka," akaingia ndani.

Fundi Raphaeli wa Tunduma, ambaye yupo hapa, alimchomea keria ya chuma ya kubebea mzigo, akamfundisha kubadilisha tyubu, cheni na kebo ya klachi, na kwa kuwa tangi la Shepa ni dogo, lita tisa tu, akamfungia dumu la petroli ubavuni. Tarehe 2 Agosti 2018 marehemu aliombewa na mchungaji, akavuka mpaka pale Tunduma akaingia Zambia, akashika njia ya Isoka na Mpika, akiomba maji na mahali pa kulala kwa Kibemba chake cha sokoni, akiacha lami kila aliposikia kuna mzee aliyewahi kufanya kazi Joni. Polisi mmoja wa Kapiri Mposhi aliizunguka Shepa mara mbili akamwuliza kama pikipiki hii ameiunda mwenyewe, naye marehemu akamjibu kwamba bado anaendelea kuiunda. Alivuka Zambezi kwa pantoni pale Kazungula, akawangoja tembo wamalize kupita barabara ya Nata, mchanga wa Botswana ukamwangusha zaidi ya alivyokubali kukiri mbele ya mkewe, na alipofika Francistown, ambako zamani watu wa migodi walikuwa wakikusanywa, mzee mmoja alimwambia kwamba wengi waliotoka upande wa Malawi miaka ile walipelekwa Welkom, Afrika Kusini.

Huko Welkom alipata mateso makubwa kuliko ya njiani. Aliulizia jina la Kibona kwa wachimbaji wastaafu, makanisani na majumbani, akatembea makaburini mstari kwa mstari akisoma mawe na misalaba, na hakuna Kibona aliyewahi kuonekana, wala mzima wala mfu. Alimpigia simu mkewe akamwambia kwamba anarudi, na kwamba hajui atamwambia nini mama, na Mama Tabita anasema ni mara ya kwanza katika ndoa yao kumsikia mumewe analia.

Kabla hajafunga mizigo alikwenda kusali Jumapili katika kanisa la watu wenye asili ya Malawi, na wageni walipoombwa wasimame wasalimie, marehemu alisimama, na kwa kuwa Ikinga haijulikani na mtu yeyote ng'ambo, alisema kama tunavyosema sote tukiwa mbali, tukitaja mji wetu wa mpakani, kwamba anaitwa Lwitiko na anatoka Isongole. Mama mmoja mwenye sare ya kwaya alisimama kabla wimbo haujaanzishwa, akauliza kwa Kinyanja, "Unatokaje Isongole? Isongole ni sisi. Ni jina la baba yangu." Mama huyo ni Recho Isongole, na baba yake alikuwa Enoka, ambaye siku ya kuandikishwa aliulizwa jina lake la pili, akadhani anaulizwa kwao ni wapi, akajibu vizuri kabisa, na kwa jibu hilo akaandikwa, akafanya kazi, akaoa, akazeeka na akazikwa. Marehemu alipelekwa kaburini siku ile ile, akakuta jiwe ambalo alikuwa amelipita kwa miguu yake wiki hiyo hiyo. Aligundua kwamba baba yetu Enoka alivunjika mguu na nyonga mgodini mwaka 1974, akaona aibu kurudi kwa mke wake akiwa kilema na mikono mitupu, akakaa mwaka mmoja, akakaa wa pili, mpaka akapata familia nyingine, na tarehe 3 Mei 1991 akafariki.

Ndugu waombolezaji, safari ya kurudi ilikuwa nzito kuliko ya kwenda, kwa sababu wazee walimshauri kwa simu amwambie mama habari za kifo tu, na asimtajie mke wa pili, kwani mama ni mtu mzima na moyo wake ungepasuka. Marehemu aliendesha polepole kuliko kawaida yake, na baadaye alisema kwamba Zambia yote aliivuka akijaribu kuutunga uongo huo, na kila alipoutunga aliona kwamba anampeleka mama yake kungoja upya, safari hii kungoja kujua kwa nini mumewe hakurudi. Alifika hapa tarehe 15 Septemba 2018, akapiga magoti mbele ya mama yake akiwa bado na vumbi, akamweleza yote, mguu, aibu, jina, mwanamke na watoto. Mama Dina, sote tukiwa tumesimama, aliuliza swali moja tu, "Huyo mama alimuuguza?" Lwitiko akamjibu kwamba alimuuguza miaka yote hadi mwisho. Mama akasema, "Basi tumshukuru. Sasa lieni," na ndipo ukoo huu ulipomlilia Enoka Kibona, na wiki iliyofuata Mama Dina alikwenda mwenyewe kwa mchungaji akamwambia, "Niandikeni mjane." Mwaka uliofuata Yesaya alipata mtoto wa kiume, akamwita Enoka.

Dada Recho alikuja kuwaona ndugu zake mwaka 2022, na leo amekuja tena, amesafiri kwa basi kutoka Welkom hadi Nakonde, naye tunampa pole kwa kumpoteza kaka aliyechelewa sana kumpata.

Marehemu alianza kusumbuliwa na ini mwezi Februari 2024, akatibiwa katika hospitali ya wilaya Itumba, kisha akapelekwa hospitali ya rufaa Mbeya, ambako ilibainika kwamba ni saratani. Aliupokea ugonjwa bila kelele, akaomba arudishwe Ikinga, akamkabidhi Shepa binti yake Rozi, ambaye naye ni afisa ugani, na akafariki nyumbani kwake tarehe 17 Septemba 2025 saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mama yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Itumba na Mbeya kwa kumhudumia kwa upendo, inawashukuru majirani wa Ikinga waliochimba kaburi na kuleta kuni, maji na unga, watumishi wenzake wa kilimo wa Ileje, mafundi na waendesha bodaboda wa Tunduma na Isongole waliosindikiza mwili kutoka barabara kuu ulipotoka kuhifadhiwa hospitali ya Itumba, mchungaji na kwaya, na kwa namna ya pekee inamshukuru Mama Tabita, aliyemruhusu mumewe aende akiwa hataki, na akamuuguza akiwa hajachoka. Kama tumemsahau mtu, atusamehe, msiba hauna mpangilio.

Kaka Lwitiko, mama alikuogesha ulipozaliwa, na juzi ameshiriki kukuosha tena, amekuvika shati lako mwenyewe, ameona kila kitu kwa macho yake, na asubuhi ya leo amekwenda kulitazama kaburi lako kabla ya mtu mwingine yeyote. Analia, kaka, lakini halii kama mtu anayengoja. Anajua ulipo. Lala, ndugu yetu, amani ya Bwana ikufunike.