Merle Orsman na Miaka 118 Iliyofutwa

Dada yetu Merle Annis Orsman alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Motueka, mtoto wa kwanza wa marehemu Clarrie na Edna Haycock, wakulima wa tumbaku. Mimi ni Nevin, mdogo wake. Mchungaji ameniomba nisome kwa upole. Nitajaribu, ila sitoi ahadi.

Shule ya msingi na sekondari alisoma hapa hapa. Mwaka 1970 alikwenda chuo kikuu Wellington kusomea viumbe vya baharini. Baba alitaka abaki akaushe tumbaku, naye kila likizo alirudi akaikausha, kitabu kikiwa kwenye mfuko wa aproni.

Tangu Februari 1975 alifanya kazi katika maabara ya samaki mjini Nelson. Alisoma umri wa samaki wa vilindini, ili ijulikane wangapi wavuliwe bila kuwamaliza. Kichwani mwa samaki mna kijiwe cha sikio. Hukatwa kipande chembamba, huwekwa chini ya hadubini, kisha pete zake huhesabiwa, kila pete mwaka mmoja.

Tarehe 7 Novemba 1981 aliolewa na Lindsay Orsman, fundi wa injini katika meli ya uvuvi. Lindsay alipokuja kuposa hakuleta maua. Alileta ndoo ya vichwa vya samaki wekundu, na Mama akamfungia mlango. "Mama, mfungulie," Merle alisema. "Huyu ndiye amenielewa."

Katika ndoo za Lindsay ndimo kilimotoka kijiwe kimoja mwaka 1989. Merle alihesabu miaka 118. Kwa desturi yao, msomaji wa pili huhesabu bila kuambiwa namba ya kwanza. Huyo alipata 117. Mkuu wao wa kazi alicheka.

"Merle, samaki gani anamshinda bibi yangu umri?"

"Huyo hapo. Basi mpe heshima ya bibi yako."

"Meli zinarudi zimejaa, dada. Unataka niwaambie nini?"

"Waambie wanavua harusini. Samaki wa bahari nzima wamekuja kuzaliana kwenye kilima kimoja cha chini ya bahari, nyinyi mnadhani kila kijiji kimejaa watu hivyo."

Ripoti ilipotoka iliandikwa kwamba samaki wa aina ile huishi miaka thelathini. Chini yake: aliyesoma umri, M. A. Orsman. Walifuta namba yake wakaacha jina lake. Nimeshika karatasi hiyo mkononi.

Samaki aishiye miaka mingi huzaa polepole, lakini kwa namba hiyo ya thelathini walivua bila kujizuia miaka kumi na moja. Mwaka 2000 nyavu zilipanda tupu, kilima kikafungwa, na Lindsay na wenzake wakakosa kazi. Mnajua mji ulimlaumu nani. Kuna mtu alimwaga matumbo ya samaki mlangoni pake. Kama umo humu kanisani, mimi sijakusamehe. Merle alisafisha mlango akaenda kazini.

Kila mwaka hadi alipostaafu mwaka 2014 aliandika barua moja, akiomba ripoti isahihishwe. Hakudai cheo wala kuombwa radhi. Alijibiwa kwamba ripoti za zamani hazifunguliwi.

Novemba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Aliuguzwa nyumbani na mumewe na binti yao. Mwezi uliopita yule mkuu wake, mzee sasa, alikuja kumwona na zabibu. "Ulikuwa sahihi, Merle," alimwambia.

"Najua," alijibu. "Andika."

Hakuandika. Dada alifariki Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 72.

Leo maabara imetuma shada la maua lenye maneno mazuri. Nimeliacha nje kwenye mvua. Badala yake nimemwomba mchapaji aweke mistari hii nyuma ya ratiba mliyoshika. Naomba mgeuze, tuisome pamoja kwa sauti:

Samaki mwekundu wa vilindini. Umri: miaka 118. Aliyesoma: Merle Annis Orsman.

Asanteni. Sasa imeandikwa.

Marehemu ameacha mume, Lindsay, binti, Gaylene, wajukuu wawili, Tessa na Rua, na mimi mdogo wake. Dada, kazi yako imesahihishwa. Pumzika sasa kwa amani.