Bingwa wa Madimbwi ya Madale

Mvua ilikuwa imekata, tukawa watatu kwenye bajaji ya Madale: mie, mzee mwenye viatu vinavyong'aa, na dada aliyekuwa akituonyesha kwenye simu mwanariadha wake wa Ethiopia. “Anaruka viunzi, anatua kwenye maji, halafu anashinda. Kwao akipita sokoni, wauza kahawa wanasahau kupima.”

Mzee akaguna. “Umaarufu wa kukanyaga maji? Mie naruka madimbwi ya Madale kila masika. Medali yangu iko wapi?” “Mwenzio anashindana na watu, mzee,” nikamwambia. “Nami nashindana na bodaboda.” Hoja ilikuwa nzito.

Bajaji ikasimama ukingoni mwa dimbwi. Mzee akachungulia maji, akatazama viatu vyake. “Kijana, sogea mbele kidogo,” akamwambia dereva.

Dada akainua simu kumrekodi. “Shuka, mzee wangu. Leo hata viunzi hakuna.”