Gunia la Mzazi

Kwenye basi la Katesh, kiti cha mbele yangu, Mzee Basili wa Gendabi alimweleza abiria mwenzake, Violeth, kwamba gunia lililokuwa miguuni pao ni mahindi ya binti yake aliyejifungua wiki iliyopita.

"Hongera, baba. Mbona linanuka dawa?"

"Ni dawa ya kuhifadhia, niliichanganya jana. Mwaka jana nilitia majivu kama mama yangu, wadudu wa dumuzi wakayacheka. Kufikia Februari tulikuwa tunapepeta vumbi. Njaa nayo ni sumu, mwanangu."

"Sikatai, hata mimi natia. Ila pakiti imeandikwa siku za kungoja kabla ya kula. Ulizisoma?"

"Nilisoma kipimo."

"Kipimo ni cha dumuzi, baba. Siku ni za mtu."

Nyuma yao, nilijaribu kukumbuka kama nami nimewahi kusoma pakiti hadi mwisho, sikukumbuka.

"Nilimwambia binti yangu asinunue unga, nakuja," alisema mzee polepole.

Basi liliposimama, mkwe wake alikuwa mlangoni na pikipiki tayari. "Shikamoo, baba. Mashineni hakuna foleni, tukasage sasa hivi."

"Marahaba," aliitikia mzee, lakini mkono wake ulibaki juu ya gunia.