Kipi Kimeshusha Sukari ya Soli?

Asubuhi hiyo Soli, fundi viatu, alifika kwenye benchi la kahawa meno yote nje. Zahanati wamempima sukari: imeshuka! Alikuwa ameonywa kwamba isiposhuka, kidonda chake cha kidole cha mguu kitamfikisha kukatwa kidole hicho, na hofu ilimnyima usingizi. Leo kidonda kinakauka. Akaagiza kahawa chungu, akakaa akikitazama kidole chake kwa furaha.

Breki, dereva wa lori mstaafu, akajipiga kifua.

— Si nilikwambia? Majani yangu ya mlonge hayo!

— Mlonge wapi! Ni mwarobaini wangu, akaruka Daktari, ambaye udaktari wake wote ni mkasi na wembe wa kinyozi.

— Wewe! Mbuzi wangu anakula mlonge kila siku.

— Kwani mbuzi wako ana kisukari?

— Hana! Sasa umeona unavyofanya kazi?

— Toka hapa! Mimi nikimwaga sufuria moja tu ya mwarobaini kwenye kiwanda cha sukari, kesho wanauza chumvi.

Soli akacheka mpaka kahawa ikampalia. Kisha akatoa vidonge vya zahanati mfukoni.

— Basi hivi navitupa. Vya nini tena?

Hapo mpwa wake akatokea, amefuata viatu vyake. Binti huyo anafanya kazi maabara ya chuo, kutwa kusaga majani na kuyajaribu kwa panya.

— Shikamoo mjomba. Shikamooni wazee. Nimesikia sukari imeshuka, hongera jamani! Lakini kipi kimeishusha?

— Majani! wakajibu wazee kwa pamoja.

— Ya nani?

Soli akajikuna kisogo.

— Ya wote. Niliona haya kumkatalia mtu. Na vidonge nilikuwa nameza.

— Na sukari ya kwenye kahawa ameacha, akadakia muuza kahawa. Zamani kijiko kilikuwa kinasimama chenyewe!

— Sasa kipi, mjomba?

Breki akamtazama Daktari. Daktari akatazama ndani ya kikombe.

— Kwani nyie huko mnajuaje? akauliza Soli.

— Kila panya tunampa kitu kimoja tu. Na kuna majani yanatupa moyo kweli, ila bado tunatafuta.

Soli akarudisha vidonge mfukoni taratibu, akamkabidhi mpwa wake vifurushi viwili vya majani aliyopewa, cha mlonge na cha mwarobaini.

— Wapelekee panya. Wakishajua, waniambie. Mimi kwa sasa nabaki na vidonge vyangu, na kidole changu.

— Waanze na mlonge! akafoka Breki.