Learco Tampieri na Injini Iliyotanuliwa

Padri wetu, ndugu, majirani wa Borgo Santerno, na ninyi mafundi na waendeshaji mliozima pikipiki zenu kule chini barabarani mkazisukuma kwa mikono mpaka mlangoni pa kanisa, ahsanteni kwa kuja. Mimi ni Iolanda, mke wa marehemu, na ninasoma haya mwenyewe kwa sababu ndivyo alivyoniagiza, alisema, "Usimwachie padri, Iolanda, atanipamba."

Marehemu Learco Tampieri alizaliwa tarehe 14 Februari 1941, hapa hapa Borgo Santerno, katika nyumba ya chini karibu na mto, akiwa mtoto wa kwanza wa Primo Tampieri, aliyekuwa mchuma mapichi katika mashamba ya watu, na mama Argia, akafuatiwa baada ya miaka tisa na mdogo wake mmoja tu, Nerio, ambaye Learco alimzungusha kijiji kizima kwenye kapu la baiskeli, mpaka watu wakasema yule mtoto kazaliwa na matairi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1947, akamaliza darasa la tano mwezi Juni 1952, mwalimu akaandika kwenye cheti kwamba ana akili ila anafungua kila kitasa anachokiona, na Septemba hiyo hiyo akapelekwa Imola kwa mzee Galeati kujifunza ufundi, akakaa huko zaidi ya miaka kumi, mwanzo akifagia machicha ya chuma chini ya mashine ya kukereza, mwisho akiisimamia mashine yenyewe.

Tarehe 1 Machi 1963 alifungua karakana yake katika banda la nguruwe nyuma ya nyumba, na mwaka 1968 akatengeneza injini yake ya kwanza ya mashindano, ya cc 50, daraja dogo kuliko yote, injini ambayo nafasi yake ya ndani, pale pistoni inapopanda na kushuka, inajazwa na kikombe kimoja kidogo cha kahawa kali ya pale baa, lakini ikiwashwa kuku wangu walikuwa wanaacha kutaga.

Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Oktoba 1965 katika kanisa hili hili, Mungu akatujalia mabinti wawili, Loretta mwaka 1967 na Ivana mwaka 1971, na wajukuu watano ambao wote aliwafundisha kusafisha plagi kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Nerio ndiye aliyeziendesha injini hizo, alikuwa na kilo hamsini na mbili na viatu vyake, alikuwa akija jikoni kwangu, anafunua sufuria, anavuta harufu na kufunika, kisha analalamika, "Shemeji, unanitesa, mimi nikila tambi zako injini ya kaka haitapanda mlima," naye Learco anajibu kutoka uani, "Mwache anuse tu, harufu haina uzito."

Mwaka 1983 ikaja barua ya shirikisho la mbio za pikipiki, mistari sita tu, kwamba daraja la cc 50 limefutwa, na kuanzia msimu wa 1984 mahali pake patakuwa na daraja la cc 80, na siku hiyo mezani tulikuwa na injini tatu mpya za hamsini, zimekamilika, zimepakwa mafuta, hazijawahi kuwashwa, na wale wanaotumiminia alumini walisema bodi mpya, yaani maganda ya nje yanayobeba injini, zitakuwa tayari Juni, wakati mbio zinaanza Aprili. Nerio alikuwa ametimiza miaka thelathini na tatu, akamwambia, "Kaka, mwakani mimi mzee, nikikosa msimu huo ninarudi kwenye mapichi." Basi Learco akachukua bodi ya hamsini, akaitanua tundu mpaka ikapokea silinda ya themanini.

Mnaofahamu kazi hii mnajua nilichokisema, na msiofahamu nitawaeleza kama alivyonieleza yeye, kwamba alumini iliyobaki kati ya krenki na gia ilikuwa nyembamba kama ganda la yai. Jumatano kabla ya mbio nilimpelekea kahawa, nikamkuta anaigonga bodi kwa kucha, anasikiliza, anagonga tena, nikamwambia, "Learco, mbona inalia kama chungu kilichopasuka?" Akaniambia, "Nenda kaangalie mchuzi wako." Nami nikaenda kuangalia mchuzi.

Jumapili tarehe 13 Mei 1984, katika uwanja wa mbio wa Ca' Bassa, mzunguko wa tatu, kwenye kona baada ya daraja, bodi ile ilipasuka, vipande vikaingia kwenye gia, gurudumu la nyuma likakwama, na Nerio akafia pale pale, akiwa na umri wa miaka thelathini na nne kasoro mwezi mmoja, akimwacha mkewe Deanna, na binti yao Mirca wa miaka mitano, ambao wote wawili wako hapa mbele yangu.

Mnakumbuka kilichosemwa baa. Mwendeshaji wa pikipiki za aina ile huweka vidole viwili kwenye klachi muda wote, injini ikinoki, yaani ikikwama ghafla, anavuta na gurudumu linaachiwa, kwa hiyo watu wakasema, "Nerio kalala kwenye klachi," yaani hakuvuta, na Learco alikuwa amekaa pale pale na gazeti lake, hakuinua kichwa. Mama Argia alizikwa mwaka 1996 akiamini hivyo. Mirca alipokuwa na miaka saba alikuja nyumbani analia, watoto wa shule walikuwa wamemwimbia, akasimama mbele ya Learco, akauliza, "Baba mkubwa, kweli baba alilala?" Learco akamwambia, "Kula keki yako, mwanangu."

Aliendelea na kazi, lile daraja la themanini nalo likafutwa baada ya mbio za 1989, akahamia cc 125, nazo zikaondolewa mwishoni mwa 2011, akafunga karakana, na kila ilipokuja barua ya mabadiliko alitoa bodi zote za zamani uani, akazivunja kwa nyundo kubwa moja moja, ninyi mkapita mkicheka, "Learco kaanza wazimu wake, si angezitanua tu?" Sasa mnajua kwa nini.

Alianza kuugua mapafu mwezi Oktoba 2023, na Mei iliyofuata televisheni iliposema daraja la juu kabisa litashushwa kutoka cc 1000 hadi 850 mwaka 2027, aliniomba nizime, akasema, "Sasa hivi kuna mtu anaitazama injini yake ya zamani, anajiambia itafaa." Alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, nyumbani, siku nane kabla hajatimiza miaka themanini na minne.

Mirca, mwanangu, mimi na bibi yako ndio tuliomvalisha baba yako, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimevunjika na kubaki vimekunjwa, hatukuweza kuvinyoosha, na bibi yako hakujua maana yake. Huu hapa ndio mkono wa klachi, ule wenzo wa chuma wa pikipiki yake, Learco aliufungua kesho yake asubuhi akauficha kwenye droo ya tapo za kukatia nyuzi za skrubu miaka arobaini, utazame ulivyopinda mpaka kwenye mshikio, gia zikishikana hata klachi haisaidii, lakini baba yako aliuvuta. Aliuvuta kwa nguvu zake zote. Learco alijua, nami nilijua, na Deanna, sikuombi unisamehe hapa mbele za watu.

Familia inamshukuru daktari wetu na wauguzi waliokuja nyumbani kila siku, majirani walioleta supu na kuni, mafundi wenzake waliochimba kaburi kwa zamu katika ardhi hii iliyoganda, na padri aliyekubali nisome mpaka mwisho.

Learco, nimesoma yote, sikukupamba. Ukimkuta Nerio mwambie wewe mwenyewe kwanza, kisha mpumzike.